Mashati ya Wangila

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa miezi mitano, lakini Aketch alipotia mkono ndani ya mashine ya kufua, ulitoka umelowa, na yale maji yalikuwa vuguvugu.

"Labda kuna paipu inavuja," akasema Leshan, msimamizi wa ploti. Alisimama jikoni, kile chumba kidogo cha mashine hakukiingia.

Aketch hakutaka maelezo zaidi. Jumamosi nne mfululizo yeye na mumewe Wangila walikuwa wameizunguka Kitengela yote wakitafuta nyumba yenye mashine ya kufua ndani. Alikuwa muuguzi, mwenye sare nyeupe za kufua kila siku, na alikuwa amechoshwa na kamba za juu ya paa, ambako vumbi hutua kabla nguo hazijakauka na nguo nzuri huota miguu.

"Hii tunachukua," akasema.

Wiki ile ile walihamia. Aketch akatia nguo zao wote wawili pamoja, akabonyeza, akaenda kupika. Mashati ya Wangila yalitoka meupe pe, yakinukia udi na maua asiyoyajua. Sare zake mwenyewe zilitoka kavu, na madoa yake ya jana, na vifungo vyote vimekatwa.

Akailaumu mashine. Lakini wiki iliyofuata alirudi adhuhuri kutoka zamu, akakuta mashati ya mumewe yamepigwa pasi na kupangwa kitandani, upande anaolala Aketch.

"Nani amekufulia?" akamuuliza jioni.

"Si ni wewe?" Wangila akatabasamu. "Hata nilitaka kukushukuru." Akavuta kola puani, akafumba macho, kama mtu anayenusa shingo ya mtu.

Wivu ukamwingia Aketch kama kichomi. Alipekua simu ya mumewe, hakupata kitu. Akamnusa mumewe alipolala, akapata ule udi. Wangila, ambaye miaka yote alirudi kutoka kazini Athi River giza likishaingia, sasa alikuwa akimtangulia nyumbani. Aketch alimkuta ameketi kwa kigoda mbele ya mashine, kikombe cha chai mkononi, akitazama nguo zikizunguka.

"Inatuliza roho," alisema, bila kugeuka.

Jumanne Aketch aliaga kama anayekwenda kazini, akangoja Wangila aondoke, kisha akarudi na kujificha nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Atamshika huyo mwanamke leo, alijiapia, na atamjua yeye ni nani. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Saa sita ilipogonga akasikia mashine ikianza kuzunguka, polepole, bila stima, na juu ya mngurumo huo sauti ya mwanamke akiimba chinichini kama mtu aliye kwake, na ile harufu ya udi ikaja ikipita chini ya mlango, nzito, yenye unyevu, na kupitia ufa wa mlango akaona mkono mrefu ukiinua shati la mumewe, ukilipeleka mahali ambapo uso ungekuwa, ukalishikilia hapo muda mrefu, muda mrefu mno, huku maji yakidondoka kutoka kwa kiwiko na sakafu ikibaki kavu.

Wimbo ukakatika.

"Msichana," ikasema ile sauti, kwa upole wa mwenye nyumba, "viatu vya bwana bado hujavipiga brashi."

Aketch alitoka mbio bila viatu.

Sokoni walimwelekeza kwa Kalunde, mama wa Kikamba aliyejulikana kwa kazi ya kufukuza majini. Kalunde alimsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo kitu haikuchukii, mwanangu," akasema. "Wewe haikuhesabu. Inampenda yeye. Iko na dawa moja tu: huyo anayependwa aikatae na mdomo wake. Aseme mbele yake mke wake ni nani. Akishasema, imeisha."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Na si rahisi."

Wangila alikubali bila ubishi. Jumapili alasiri wakasimama watatu ndani ya kile chumba. Kalunde alichomoa waya wa mashine, akachoma ubani juu ya makaa.

"Bwana, sema. Mke wako ni nani?"

Jirani alikuwa amefungulia redio, kwaya ikaimba ubeti mzima, ikaingia wa pili, na bado Wangila hakusema. Ndani ya mashine tupu kitu kikageuka, mara moja.

"Wangila," Aketch akanong'ona. "Sema tu. Tafadhali."

"Mke wangu ni huyu."

Alilitamka kwa sauti safi, kama siku ile ya madhabahuni. Aketch alishusha pumzi, akapapasa kuutafuta mkono wake, asiupate. Ulikuwa umewekwa juu ya kioo cha mashine, na upande wa ndani wa kioo, vidole vitano vilivyolowa vilikuwa vimeulalia.

Kalunde akamwagia makaa maji.

"Amekosea!" Aketch akalia. "Mwambie arudie!"

"Hajakosea. Chukua nguo zako, twende."

Siku hizi Aketch anaishi Kajiado, chumba kimoja, na anafua kwa beseni. Mara moja moja humpigia Leshan simu, wajuliane hali. Leshan humwambia kodi inalipwa vizuri, na kwamba jioni bwana hupanda ngazi akizungumza taratibu, akimpisha mtu atangulie.

Kisha Aketch huuliza lile alilopigia simu.

"Amekonda?"

Leshan ni mtu asiyejua kudanganya.

"Hapana, mama," husema. "Amenawiri."