Upande wa Nne wa Uzio

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hildur alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuondoa theluji kwenye ngazi za mlangoni ili babu yake asiteleze. Ya pili hakutumwa na mtu: kuteleza mara tatu kwenye kilima chake cha theluji nyuma ya nyumba, akiwa amekalia kipande cha plastiki, huku akipiga kelele za kuamsha nusu ya mji mdogo wa Gimli, kando ya ziwa.

Kilima hicho alikijenga mwenyewe pamoja na rafiki yake Brynja. Upepo wa ziwani ulikuwa umerundika theluji kwenye pembe ya nyuma ya uwanja, nao wakaongeza nyingine, wakaishindilia, wakaimwagia maji yakaganda. Kufikia Februari kilikuwa kimefika ukingo wa juu wa uzio wa mbao. Hildur, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikionea fahari kuliko alama zake zote za hesabu, ambazo, tuseme ukweli, hazikuwa za kujivunia sana.

"Kilima hicho kiondoke kabla mbwa hajaja," mama yake, Inga, alimwambia. "Uzio una faida gani ikiwa mbwa anaweza kuupanda kwa miguu yake?"

"Nitakiondoa, Mama."

"Lini?"

"Jumamosi."

Jumamosi mbili zilipita, na kilima kikazidi kunenepa.

Mbwa mwenyewe alikuwa bado Ugiriki, ng'ambo ya bahari. Aliokotwa pamoja na ndugu zake watatu ndani ya boksi, nyuma ya kinu cha kukamulia zeituni, akiwa mifupa mitupu. Watu wa huko walimpa jina la Fistiki. Hildur alikuwa ameomba mbwa kwa miaka mitatu mizima. Sasa picha ya Fistiki, sikio moja limesimama na jingine limelala, ilibandikwa kwenye jokofu, naye kila alipofungua kuchukua maziwa aliisalimia.

"Mimi nina miaka sabini na sita na sijawahi kupanda ndege," alilalamika babu yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Afi, kama mababu wengi wa Gimli wanavyoitwa. Alikuwa akitafuna ng'onda wake, samaki aliyekaushwa, kwa siagi. "Leo mbwa wa miezi mitano anavuka bahari! Hebu waulizeni hao watu kama wanaokoa na wazee."

Lilibaki jambo moja tu, ukaguzi wa nyumba. Bi. Odette, mwanamke wa chama cha kuokoa mbwa kilichokuwa kinamleta Fistiki, aliishi Winnipeg, na nyumba za mbali alizikagua kwa simu ya video. Siku hiyo Inga alikuwa na unga hadi viwikoni, kwa hiyo Hildur ndiye aliyetoka nje na simu.

"Nionyeshe uzio wote, mwanangu," alisema Bi. Odette. "Polepole. Nataka kuona pande zote nne."

Hildur alimwonyesha upande wa kwanza, mrefu na imara. Akamwonyesha wa pili. Alipofika wa tatu alipunguza mwendo. Bi. Odette akikiona kile kilima atasema wangoje, na ndege ilikuwa ya Jumanne. Fistiki angepewa watu wengine. Basi Hildur akaigeuza simu, ikawa inaonyesha pua yake nyekundu.

"Na upande wa nne?"

"Uko kama hizi nyingine, Bi. Odette. Mkono unaganda huku!"

"Haya, kimbia ndani. Una uzio mzuri sana. Fistiki ataweza kucheza humo bila kamba."

Hildur aliingia ndani akiruka kwa furaha. Nitakiondoa kesho, alijiambia.

Jumanne wakampokea Fistiki uwanja wa ndege. Bi. Odette mwenyewe alifungua kizimba, na kikatoka kitu chenye miguu mirefu na macho makubwa, kikitetemeka. Kiliponusa kiatu cha Hildur, kikakaa juu yake, Hildur alilia mbele za watu bila aibu yoyote.

"Sikilizeni," alisema Bi. Odette. "Akipotea, Mungu apishie mbali, msimwite wala msimkimbize. Huko alikotoka, mtu anayekuja mbio ni mtu mwenye jiwe mkononi. Kaeni chini, mpeni mgongo, wekeni chakula, mngoje."

Siku ya pili Fistiki aliiba ng'onda mzima kwenye sahani ya Afi.

"Mwizi wa kimataifa!" Afi alipiga kelele. Lakini siku ya tatu alionekana akimkatia kipande mwenyewe, chini ya meza, akijitia hamnazo.

Kilima kilikuwa bado pale. Jumamosi asubuhi Hildur alimtoa Fistiki uwanjani, akarudi ndani kuchukua glavu zake. Hakukaa hata dakika mbili. Alipotoka, uwanja ulikuwa mtupu. Alama za miguu midogo zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye kilima, zikapanda na kuishia juu ya uzio.

"Mama! Fistiki hayupo!"

Hildur alikimbilia mbele ya nyumba akiita; Inga akatoka mbio, na Afi nyuma yake na fimbo. "Ametokea wapi?"

Hildur alifungua mdomo, na uongo ukatoka wenyewe. "Labda... labda Brynja hakufunga geti vizuri jana."

Baada ya nusu saa majirani kumi walikuwa barabarani mbele ya nyumba, wakichungulia chini ya magari na kutazama upande wa barabara kuu, ambako malori hupita kwa kasi. Ilikuwa baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, na Fistiki alikuwa na manyoya mafupi ya nchi ya jua. Brynja alikuja akihema, kofia imekaa upande.

"Eti nimeacha geti wazi? Mimi? Nilifunga nikavuta mara mbili, Hildur! Ulikuwa unaniangalia!"

Hildur alitazama viatu vyake. Jirani mmoja alitikisa kichwa akisema watoto wa siku hizi hawana uangalifu, na macho ya Brynja yakajaa machozi.

Simu ya Inga ikalia. Bi. Odette, ambaye Inga alikuwa ameshampigia, alikuwa njiani kutoka Winnipeg, na sauti yake ilisikika kwa wote. "Nahitaji jambo moja tu. Ametokea wapi hasa? Mbwa mwenye hofu hufuata njia aliyoianza. Mkitafuta upande usio wake, mtatafuta hadi agande."

Hapo ndipo Hildur alipoelewa. Akisema ukweli, Bi. Odette atamchukua Fistiki na hatamrudisha tena. Asiposema, hatakuwapo Fistiki wa kuchukuliwa.

"Brynja hakuacha geti wazi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu ili kila mtu asikie. "Brynja hakufanya kosa lolote. Ni mimi. Fistiki amepanda kilima changu akaruka uzio wa nyuma. Siku ya ukaguzi nilikificha. Nilidanganya, Bi. Odette. Halafu nikamsingizia rafiki yangu."

Inga alifumba macho kidogo. Kisha Bi. Odette akasema, "Nyuma ya uzio kuna nini?"

"Ziwa," alijibu Afi, ambaye tayari alikuwa amegeuka.

Alama walizipata mara moja. Zilipita katikati ya vichaka, zikashuka ufukweni, zikaishia kwenye kibanda cha kuvulia samaki kwenye barafu, ambacho mwenyewe hakukivuta ziwani msimu huu. Chini ya sakafu yake, gizani, macho mawili yaling'aa. Jirani mmoja akapiga hatua, na macho yakarudi nyuma.

"Simameni!" Hildur alinong'ona. "Msimwite. Tafadhali, rudini nyuma wote."

Afi alitia mkono mfukoni, akatoa ng'onda aliyefungwa kwenye karatasi. "Chukua. Harufu ya huyu anaijua."

Hildur alitembea peke yake hadi hatua kumi kutoka kwenye kibanda, akaketi juu ya theluji, akakipa mgongo. Alichana ng'onda vipande vidogo, akavipanga nyuma yake bila kugeuka. Kisha akangoja. Upepo wa ziwani ulimpiga usoni. Vidole vya miguu viliuma, halafu vikaacha kuuma, jambo ambalo ni baya zaidi. Alitamani sana kuita jina lile, hata mara moja tu, lakini alijikaza kisabuni.

Kwa mbali alimwona Brynja amesimama na wengine, mikono yote miwili mdomoni.

Dakika kumi. Kumi na tano. Nyuma yake kitu kikakanyaga theluji, kikasimama. Kikatafuna. Kikasogea tena. Kisha pua baridi ikamgusa shingoni, na mwili mdogo unaotetemeka ukajipenyeza chini ya mkono wake, ukakaa juu ya kiatu chake kama siku ile ya kwanza. Hildur alishusha mkono polepole, akashika ukosi, akafunga kamba.

"Nimempata," alisema. Halafu akapaza sauti. "Nimempata!"

Ufuko mzima ulilipuka kwa vifijo. Afi alirusha fimbo yake juu, ikabidi atafutiwe. Inga aliwafunika wote wawili kwa koti lake, msichana na mbwa.

Bi. Odette alipofika aliwakuta jikoni, Fistiki amelala karibu na jiko na tumbo limejaa. Hildur alisimama.

"Ukitaka kumchukua, nitaelewa," alisema. "Ila asirudishwe kwenye kizimba leo. Amechoka."

Bi. Odette alikwenda dirishani, akakitazama kilima kwa muda mrefu.

"Hiki tu?" aliuliza. "Hildur, ungenionyesha siku ile, ningekwambia uchukue beleshi. Ndege isingeahirishwa. Ni kazi ya mchana mmoja."

Hildur alikwenda kuchukua beleshi. Barafu ilikuwa ngumu kama jiwe, na kabla ya saa moja kupita viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Brynja alikuwa amekaa ngazini, Fistiki kwenye kamba karibu naye.

"Nisamehe," Hildur alimwambia. "Niliogopa, nikakutupia wewe mzigo."

"Nimekasirika bado," alisema Brynja. "Na beleshi unalishika vibaya. Sogea." Akampa Afi kamba, akachukua beleshi la pili.

Jua lilipoanza kushuka, uzio ulikuwa umesimama mrefu pande zote. Hildur akaomba simu ya mama yake, akampigia Bi. Odette aliyekuwa jikoni akinywa kahawa, hatua chache tu kutoka hapo. Akamwonyesha upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne, polepole, kila ubao.

Bi. Odette alitoka nje na karatasi ya kumkabidhi Fistiki rasmi, akaitia sahihi juu ya goti lake.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja," alisema. "Nyumba zenye kasoro nimeziona nyingi, na nyingi tumezirekebisha pamoja. Zinazonishinda ni zile ninazofichwa kasoro zake. Leo ulisema ukweli ukijua unaweza kumkosa mbwa wako, na ukweli huo ndio uliotuonyesha alipo. Siku nyingine useme mapema, kabla hatujakimbia kwenye baridi hii. Haya, mchukue mbwa wako."

Fistiki alifunguliwa kamba. Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye pembe ya nne, akatafuta kilima, akainua kichwa kuutazama uzio chini hadi juu. Kisha akageuka, akaja mbio kwa Hildur, akakaa juu ya kiatu chake.