Siku Tatu Bila Kengele

Ndugu zangu, nawasimulia habari ya nyumba moja, wala sitajitoa ndani yake, maana mkono wangu nao umo. Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Zdravka, niliyetunza maktaba ya mji huu miaka ishirini na sita, na ndiye ninayeshika ufunguo wa jukwaa letu la mtandaoni, pale tunapobishania simu mpya, sayari mpya, betri zitakazodumu karne nzima, na kama programu huria ni bora kuliko za kampuni. Ufunguo maana yake ni kwamba mjadala ukichafuka, mimi ndiye wa kuufunga. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Jumamosi moja ya mwezi Machi nilikwenda kijijini Gorni Dab pamoja na Svilen na mkewe Ralitsa. Svilen ni mwandishi wa programu, jirani yangu wa ghorofa ya pili. Tulikwenda kwa mama yake, Bibi Tsonka, mjane wa miaka sabini na minane aliyekuwa akiishi peke yake na paka mmoja. Theluji ilikuwa imeyeyuka, jua limeingia jikoni, banitsa, ule mkate wa tabaka wenye jibini, inatoa moshi mezani. Svilen alivuta kiti dirishani.

"Haya mama, keti. Saa nzima. Usiguse birika, usifungue mlango."

"Hata chafya?"

"Chafya ruksa."

Bibi Tsonka alikaa, akakunja mikono, akanigeukia. "Umemwona mwanangu, Zdravka? Watoto wa wenzangu huja kutazama kama mama yu hai. Wangu huja kuniua kwanza."

Tulicheka. Saa ilipotimia, simu ya Svilen ililia mfukoni kwa mlio wa kengele ya kanisa.

"Nimekufa vizuri?" akauliza bibi.

"Umekufa vizuri sana, mama."

"Basi niletee kahawa. Mfu ana kiu."

Niwaeleze mchezo huo. Svilen alikuwa ameandika programu iitwayo Kambana, yaani kengele. Kijisanduku huwekwa nyumbani kwa mzee anayeishi peke yake. Ikifika saa tatu asubuhi birika halijawashwa wala mlango wa nje haujafunguliwa, simu ya mtoto wake hulia. Ndivyo tu. Programu hiyo aliiweka wazi, kila mtu aichukue bure, aitazame ndani, airekebishe akiweza. Nyumba arobaini na moja zilikuwa zikiitumia, katika vijiji ambavyo vijana wote wamehamia mjini au ng'ambo. Na Svilen alikuwa na sharti lake mwenyewe: toleo jipya halitoki kwenda kwa watu mpaka lijaribiwe kwa mama yake, yeye mwenyewe akiwepo, mama akae kimya saa nzima kama maiti. Lilikuwa sharti zuri. Naliheshimu mpaka leo.

Mwezi Aprili mtu mmoja alileta jukwaani habari ya kampuni kubwa ya nje iliyotoa mashine ya kulinda wazee. Eti inafikiri yenyewe. Kila mtu akatoa maoni yake, wengi wetu bila kuisoma habari hadi mwisho. Ndipo akaja mtu aliyejiita Msumari.

"Hii ndiyo kazi ya watu wazima," akaandika. "Hiyo Kambana yenu ni mchezo wa watoto. Baba yangu akilala mpaka saa nne, mimi nashuka kwenye nguzo ya umeme mbio. Mwezi huu imelia bure mara sita."

Svilen akamjibu, "Msimbo uko wazi, bwana. Fungua urekebishe mwenyewe."

"Jibu lenu siku zote ndilo hilo. Mtu akisema supu ina chumvi, mnampa sufuria."

"Na wewe unakula bure halafu unamtukana mpishi."

Watu wakashangilia. Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipopaswa kuufunga mjadala. Sikuufunga. Jukwaa halijawahi kupata wasomaji wengi namna ile, nami nikajiona mtu. Nikaweka alama ya moyo kwenye jibu la huyu, nikaweka na kwenye jibu la yule. Tuseme kweli, nilikuwa nikifurahia.

Siku nne walibishana. Ralitsa alinisimulia baadaye jinsi meza yao ilivyokuwa.

"Svilen, maharage yanapoa."

"Ngoja nimmalize huyu."

"Huyu si ulimmaliza jana?"

"Amerudi."

Siku ya tano Msumari akatoa ahadi. "Nipe wiki moja bila kengele ya uongo," akaandika, "nami nitasimama hapa kwa jina langu halisi niseme nimekosa." Svilen akaikamata ahadi ile kama mtu aliyetupiwa kamba. Akaketi jioni mbili, na Ijumaa toleo jipya likawa tayari. Ndani ya kijisanduku kulikuwa tayari na kijicho cha kuona mwendo. Svilen akaamuru kwamba kuanzia sasa mwendo wowote ndani ya nyumba uhesabiwe kuwa mzee ameamka. Si birika tena wala mlango pekee. Mzee akijigeuza tu, akinywa maji badala ya chai, kengele isilie. Akalituma kwa mama yake kupitia mtandao, akapanga kwenda kulijaribu kesho yake.

Jumamosi asubuhi alikuwa amevaa koti na funguo za gari ziko mkononi, Msumari akaandika. Maneno marefu, ya kebehi, yenye makosa mawili ya hesabu. Svilen akavua koti. Akampigia mama yake, na Ralitsa alikuwa amesimama pale pale akisikia.

"Mama, leo siji. Nina kazi."

"Kazi gani ya Jumamosi?"

"Kuna mtu mtandaoni anasema uongo."

"Unamjua?"

"Simjui."

"Mh. Haya, mjibu mwanangu, mjibu umalize. Mcheri umechanua. Nimekuwekea ule uzi wako wa Machi, mwekundu na mweupe, wa kufungwa mti ukichanua, uje uufunge mwenyewe kwenye tawi. Na kufa je?"

"Utakufa Jumamosi ijayo, mama."

"Sawa. Jumamosi ijayo basi," akasema akicheka, akakata simu.

Mchana ule Svilen akalitoa toleo kwa nyumba zote arobaini na moja. Halijajaribiwa. Alijiambia kwamba ni badiliko dogo.

Jumatatu asubuhi Bibi Tsonka aliteleza jikoni kabla hajafika kwenye birika. Nyonga ikavunjika. Hakuweza kusimama wala kujikokota hadi mlangoni, na simu ilikuwa chumbani. Paka akapita, akazunguka, akamnusa, akaenda kuota jua dirishani. Kijicho kikaona mwendo. Mjini, kwenye simu ya Svilen, ikatokea alama ya kijani: Mama yuko salama.

Nataka mwelewe jambo moja. Kabla ya Kambana, Svilen alikuwa akimpigia mama yake kila jioni, hata kama ni kuulizana hali ya nyanya. Tangu Kambana ianze kazi, alitazama kijani tu. Hakuwa mtoto mbaya. Alimpenda mama yake hata akamtengenezea kengele, kisha akaiachia kengele kazi ya kumpenda.

Jumanne, kijani. Jumatano, kijani. Siku hiyo ya Jumatano, saa nne asubuhi, Svilen alipiga picha kioo cha simu yake akaiweka jukwaani na maneno haya: "Wiki yetu ilianza Jumatatu, leo ni siku ya tatu. Mama yangu yuko salama na simu haijapiga kelele hata mara moja. Msumari, andaa jina lako."

Watu mia na themanini waliweka alama ya moyo. Mimi nilikuwa wa tisa.

Gari la mkate hufika Gorni Dab kila Jumatano. Mincho, dereva wake, alipiga honi mara tatu, na Bibi Tsonka, ambaye siku zote ndiye wa kwanza langoni, hakutokea. Mincho hana kijicho wala programu. Aliacha gari likinguruma, akapanda ukuta, akachungulia dirishani, akavunja mlango. Kisha akampigia Svilen.

"Njoo, mama yako yuko chini. Nimeita gari la wagonjwa."

"Haiwezekani," Svilen akasema. "Hapa inaonyesha yuko salama."

"Svilen, mimi nimesimama jikoni kwenu. Acha kunisomea simu!"

Alikuwa bado hai. Hospitali ya mkoa walifanya waliloweza, lakini siku tatu sakafuni, bila maji, zilikuwa zimeshaingia mapafuni. Daktari alisema tu kwamba angefika siku ya kwanza, mazungumzo yangekuwa mengine. Alhamisi alipata nguvu kidogo, akamtambua mwanawe, akamshika kidole kama ashikwavyo mtoto anayefundishwa kutembea.

"Umekuja," akasema.

"Mama, nisamehe. Kengele..."

"Sikupiga kelele sana, mwanangu. Mwanzo nilipiga, halafu nikasema ya nini kujichosha. Kengele ya Svilen imeshalia, yuko njiani." Akapumzika. "Barabara ilikuwa mbaya, eh?"

Svilen hakuweza kumwambia. Alisema, "Ndiyo mama, ilikuwa mbaya." Akatoka hadi kwenye ukumbi wa hospitali, akaegemea ukuta, akaomboleza kwa sauti, mtu mzima, wauguzi wakimpisha. Nilikuwapo. Sijui nilichofanya na mikono yangu.

Ralitsa ndiye aliyemshika bega. "Svilen. Nyumba arobaini nyingine."

"Siwezi kushika hiyo simu."

"Utaishika. Kuna mama wa watu huko, na wao wana paka."

Akakaa chini sakafuni, akaliondoa toleo lile, akarudisha la zamani. Kisha akaandika jukwaani, kweli yote bila kuficha: paka, Jumamosi, koti alilolivua. Wa kwanza kujibu alikuwa Msumari. Yule bingwa wa maneno marefu aliandika manne tu: "Nimeliondoa kwa baba. Pole."

Bibi Tsonka alifariki Jumamosi, mchana, jua likiwaka. Sitaongeza neno hapo.

Karatasi ya tanzia yenye picha yake ilibandikwa langoni, kwenye nguzo, na kwenye kituo cha basi ambacho basi halisimami tena. Siku ya arobaini tulikusanyika uani na bakuli la ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka marehemu. Mcheri ulikuwa umeshamwaga maua na kuzaa. Kwenye tawi la chini kulikuwa na uzi mwekundu na mweupe ambao Svilen alikuwa ameufunga akiwa amechelewa mwezi mzima.

Langoni alisimama mtu mrefu, mikono mipana yenye makovu ya fundi umeme, kofia ameishika kifuani. Hakuna aliyemjua. Alisubiri padri amalize, akamwendea Svilen.

"Niliahidi jina langu," akasema. "Naitwa Lachezar. Mimi ndiye Msumari. Nimekosa."

Svilen akamsogelea hatua moja. Nilidhani atampiga, na moyoni mwangu, Mungu anisamehe, nilitamani ampige, ili lawama ipate mahali pa kukaa mbali nami.

"Hukukosa," Svilen akasema. "Kweli ilikuwa ikilia bure."

Lachezar akatikisa kichwa, machozi yakamdondoka kwenye kofia. "Bora ingelia bure. Kila siku ilie bure. Nishuke kwenye nguzo, nimkute mzee amelala anakoroma, nimtukane kidogo, ninywe naye kahawa, nirudi kazini." Akajifuta uso. "Mara zile sita, ndugu yangu, ndizo mara pekee nilizomwona mwezi ule."

Wakakaa benchi moja chini ya mcheri, wala hawakubishana.

FUNZO

Jamani, mimi si adui wa mashine. Kambana ingali inafanya kazi, na mwezi uliopita ilimwokoa mzee wa kijiji cha pili. Svilen analo sharti lake tena. Kila toleo jipya huenda Gorni Dab, na kwa kuwa mama hayupo, hukaa yeye mwenyewe kwenye kile kiti cha dirishani, kimya saa nzima, paka akizunguka. Kengele ikilia, hakuna wa kumwomba kahawa.

Lakini wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kinachokuambia mzazi wako ni mzima si sawa na kumsikia mzazi wako akikohoa. Na wewe unayetaka kushinda mabishano na mtu usiyemjua, jiulize umevua koti gani ili umjibu. Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, na zile nyasi zilikuwa na jina, ziliitwa Tsonka.

Anayekupa kitu bure usimtukane. Anayelalamikia kitu chako usimkimbilie kumshinda, huenda anakuambia jambo la kweli kwa mdomo mbaya. Na sisi watazamaji, tunaoweka mioyo pande zote mbili na kungoja damu, sisi ndio tunaowasha moto halafu tunauita mjadala. Mimi nilikuwa na ufunguo mkononi siku zote zile. Mjadala ule nimeufunga sasa, na hautafunguliwa, na haimsaidii mtu.

Kama mama yako yu hai na kijiji ni mwendo wa saa moja, usimalize hata maoni unayoandika. Nenda. Ukifika, usimwambie akae kimya. Mwache aseme.