Kifuniko cha Darubini

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi saa, usiku wa kuamkia kupasuliwa jicho. Alipanda juu ya paa kuuaga Msalaba wa Kusini, akihofia asije akaamka kipofu. Giza lilikuwa totoro; kilichosikika ni miguu ya darubini ikikwaruza saruji. Akainama, akachungulia.

“Mama watoto, nauona! Nyota zote tano!”

Mkewe, aliyemshikia tochi iliyofungwa kitambaa chekundu ili mwanga usififishe nyota, akacheka. “Acha maneno, baba watoto! Kifuniko hujakitoa.”

Fundi akapapasa mdomo wa darubini. Kweli, kifuniko kilikuwa kimekazwa. Akakiziba kwa kiganja pia, akachungulia tena.

Msalaba ulikuwapo palepale. Nyota yake ya chini ikajifumba taratibu, kisha ikafumbuka.