Sahani ya Meza ya Pembeni

Mimi mtu wa bucha. Utumbo, bandama, vichwa vya mbuzi vinavyokukodolea macho, ndivyo vilivyonilea. Nimewahi kula chakula cha mchana nimekalia kichwa cha ng'ombe, nzi wamejaa mpaka nikawa nawaomba wapishe kijiko. Sasa nikikwambia kuna siku nilitapika mpaka nikahisi soksi zinapanda tumboni, ujue si mchezo. Na sikuhadithiwa. Yalimpata mama mkwe wangu, nikiwa nimekaa naye meza moja.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi wa injini kwenye meli ya watalii, zile za kulala humo humo wiki nzima mnazunguka baharini. Kazini kwao wanaruhusiwa kuleta ndugu. Akatuchukua mimi, mke wangu, watoto na mama. Jamani, meli! Ukimiminiwa chai nyuma, ukifika mbele imeshapoa. Na ukumbi wa chakula ni kama harusi ya watu wasiojua hesabu. Siku ya kwanza nilikula mpaka mpishi mkuu akatoka jikoni kuja kuniona sura.

Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na meza ndogo, kiti kimoja. Kila mlo, kabla ya abiria yeyote, wahudumu wanapakua kwanza pale. Hakai mtu. Watu wakishaondoka, ile sahani inabebwa, inamwagwa baharini.

Mama jambo lile lilimkaa kooni. Yeye kalea watoto wanane kwa makombo. Kwake kutupa chakula ni sawa na kumpiga mtoto teke.

"Samaki nao wana mama yao," akasema. "Si awapikie?"

Tukacheka. Kumbe mwenzetu hatanii. Mchana wa kesho yake, mhudumu kageuka kidogo tu, mama huyo, kahamia pale. Akala nyama, akala mkate, akafuta mchuzi kwa kidole.

Mhudumu wetu alikuwa mtu mzima, mrefu, watoto walimwita Ngongoti. Aliporudi akadondosha trei.

"Bibi," akanong'ona, "umekula cha mwenyewe?"

"Mwenyewe gani? Mwambie ashukuru, nimemwoshea na sahani."

Ngongoti hakucheka.

Jioni mama akaletewa kuku. Akafunua kifuniko. Yule kuku alikuwa ameshatafunwa. Sisemi amekatwakatwa, nasema ametafunwa, akatemwa. Rojo la kijivu, mate yanavutika kama ute wa yai. Bado la vuguvugu. Linanuka kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi.

Nilifoka pale mpaka nadhani nahodha alipotea njia. Wakaleta sahani nyingine. Imetafunwa. Mama akaenda kujipakulia mwenyewe. Kwenye sahani chakula kizima, kikifika kwenye kijiko, rojo. Nikachukua ndizi kwa mkono wangu, ganda safi, halina hata tundu la sindano. Nikaimenya. Ndani, mate na vipande vilivyosagwa. Kipande kimoja kilikuwa na alama ya jino.

Biskuti zilizofungwa, hivyo hivyo. Maji, makombo yanaelea. Na sisi wengine vyetu vizima.

Mama ana sukari. Kukaa bila kula kwake ni kifo. Akaanza kutetemeka, maneno yakawa hayashikani. Daktari wa meli akamtundikia dripu. Tukiwa tunaiangalia, maji ya dripu yakachafuka. Kitu kama uzi wa nyama kikashuka taratibu kwenye mrija. Daktari akachomoa sindano, akatoka nje, tukamsikia anatapika. Nchi kavu ilikuwa bado mbali.

Mke wangu akamfuata Ngongoti.

"Baba, nisaidie. Mama yangu anakufa."

Yule mzee akaangalia mlango wa jikoni kwanza. "Mama yako kamlia chake. Na yeye anamlia mama yako. Hataacha mpaka naye aliwe. Mtu wa damu ya bibi akae pale, ale alichokitafuna. Chote. Asitapike."

"Ni nani huyo?"

"Hatumtaji. Tulimkuta."

Mke wangu akanitazama.

"Mimi ni mkwe tu, mama watoto," nikasema upesi. "Damu haifanani."

"Nani kakuomba?" akanijibu. "Na kaka yangu nimeshamuuliza. Kajifungia kwenye chumba cha injini."

Basi mke wangu akakaa kwenye ile meza ndogo. Mchana kweupe. Jua linaingia madirishani, watu meza za jirani wanakata keki, mtoto wa mtu anaimba. Akafunuliwa sahani ya mama. Ilikuwa nyama. Imepauka, imelegea, povu pembeni.

Akachota. Akafumba macho. Akameza.

Hakutafuna. Naapa hakutafuna, midomo ilikuwa imebana. Lakini tukasikia kutafuna. Nyatu. Nyatu. Nyatu. Mdomo wazi, kama mtu asiye na adabu. Sauti ilikuwa sikioni kwangu.

Akachota tena. Koo likagoma. Akaziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanatiririka, kitu kikapanda, akakirudisha. Kikapanda tena. Akakirudisha.

Hapo ndipo mimi, mtu wa bucha, nilipotapika. Nilitapika kwenye maua ya mezani.

Yeye akamaliza. Akafuta sahani kwa kidole. Akalamba kidole. Sijui nani alimwambia afanye vile.

Chumbani, mama akaomba mkate. Mkate ukafika mdomoni mzima. Akala, huku anasema hauna chumvi. Nililia, sioni aibu.

Mama yupo mpaka leo, mzima, ananitukana kila wiki. Mke wangu ndiye aliyebaki na jambo. Tuliporudi nyumbani ufizi wake ukavimba nyuma kabisa, likaota jino. Nikampeleka kwa daktari wa meno. Akaling'oa, akaligeuzageuza kwenye mwanga.

"Mama, hili nani alikuzibia kwa dhahabu?"

Mke wangu hajawahi kuzibwa jino maishani. Na lile lilikuwa refu, la njano, limelika kama la kikongwe wa miaka mia.

Daktari akalisogeza karibu na taa. Kwenye mwanya wa mizizi palikuwa na uzi wa nyama, mbichi, bado una damu.

Mke wangu tangu meli ile hajatia nyama mdomoni. Hata ya bucha langu.