Asali ya Mzee Masolwa

Swaumu alisema aliwaona kwa macho yake mwenyewe. Alisema alikuwa anakwenda kisimani alfajiri, akawakuta sisimizi wamejipanga kama askari, wanatoka kichakani kwenda nyuma ya nyumba ya jirani yake, Mzee Masolwa, pale mzee anapokojoa. Aliwamwagia majivu, hawakutawanyika. Aliwakemea kwa jina la Mungu, wakainua vichwa wakamtazama. Hapo, alisema, ndipo alipojua kwamba sisimizi wale wametumwa.

Aliisimulia habari hiyo kisimani. Aliisimulia tena kwenye duka la ushirika. Kila aliposimulia, mstari wa sisimizi ulirefuka, na hadi jioni ulikuwa umefika stesheni ya Tura.

Getruda hakucheka. Yeye alikuwa mkamwana wa Mzee Masolwa, na sisimizi wale alikuwa amewaona zamani. Aliona pia kwamba mzee anamaliza mtungi wa maji peke yake, na bado ana kiu. Aliona mashati yake yanavyompwaya. Lakini mkamwana hamwulizi baba mkwe habari za mwili wake.

Mzee Masolwa alikuwa mrina asali. Watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, yeye alikuja na kitanda, jembe na madebe yake ya asali. Mizinga aliiacha porini, mwendo wa siku nzima. Masika yale alikwenda kuitazama, akachomwa na kisiki kwenye kidole cha mguu. Kidonda hakikupona. Kidole kikawa cheusi.

Nikolaus, mume wa Getruda, alikuwa Urambo kwenye kibarua cha tumbaku. Kwa hiyo waliopanda treni kwenda Tabora ni mzee, mkewe Apolinaria na Getruda. Hospitali walimkata kidole. Daktari akawaambia kwamba ugonjwa wenyewe ni kisukari. Sukari isiposhuka, alisema, kitakachofuata ni mguu.

Katika treni ya kurudi wote watatu walikuwa wanamfikiria Lukumani, fundi baiskeli wa pale stesheni. Lukumani alikatwa mguu mwaka uliopita. Walimzika kabla mahindi hayajakomaa.

Hospitali iliwapa vidonge. Iliwapa pia chupa ya dawa ya rangi ya buluu, kichupa chembamba cha kioo na kidude cha kudondoshea. Mwanamkuu, nesi wa zahanati ya kijiji, mwenyeji wa Mtendeni, Tabora mjini, alikuja nyumbani kuwaeleza matumizi yake.

"Dawa hii ya buluu mnatia kijiko kimoja cha chai," alisema. "Mnadondoshea matone manane ya mkojo. Halafu mnakisimamisha kichupa ndani ya kopo la maji yanayochemka. Ikibaki buluu, hakuna sukari kwenye mkojo. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Ikiwa nyekundu kama tofali, ni nyingi mno. Pimeni saa mbili baada ya kula, mtajua chakula kile kimemfanya nini."

Apolinaria aliuliza sukari inafikaje kwenye mkojo.

"Mwili wake hauwezi kuitumia, mama. Inajaa kwenye damu, na ikizidi inamwagika kwenye mkojo. Ndiyo maana sisimizi wanakuja. Hawakutumwa na mtu. Wanafuata utamu."

Swaumu alikuwepo, amekuja kumpa pole mgonjwa. Alisema labda hao ni wengine, wale wake walikuwa na vichwa vikubwa.

Shida ikawa moja. Macho ya Apolinaria yalikuwa na ukungu, kijani na njano kwake vilikuwa kitu kimoja. Mwenye macho mazuri ni Getruda. Mkamwana hatandiki hata kitanda cha baba mkwe, sembuse kuutazama mkojo wake. Mzee Masolwa alisema ni afadhali mguu uende.

Mwanamkuu alimwacha amalize.

"Mzee wangu," akasema, "mkojo ukishachemka na dawa si mkojo tena. Ni rangi. Mkamwana wako ataangalia rangi tu."

Wakakubaliana hivyo. Mzee alidondosha matone mwenyewe nyuma ya ua wa mabua. Apolinaria alichemsha. Getruda aligeuka akatazama barabara, mpaka mama mkwe aite, "Getruda, rangi."

"Nyekundu, mama."

Kesho yake nyekundu. Na kesho kutwa. Chai walikuwa wanakunywa bila sukari. Hata dukani haikuwepo. Waliacha viazi vikavu, michembe na matobolwa, kwa sababu Mwanamkuu alisema viazi vitamu vinapandisha. Ugali wa mtama ulipunguzwa, maharage na nsansa, mboga ya majani makavu, vikaongezwa. Mzee alikuwa akilala na njaa. Bado nyekundu. Kidonda kikaanza kunuka tena, na Apolinaria akaanza kusema kwamba pengine Swaumu aliona kweli.

Getruda aliendelea kutazama. Siku moja mzee aliitwa mkutanoni mapema, akaondoka bila kunywa uji. Mchana alikula ugali na maharage, akapima kama kawaida. Rangi ikawa kijani. Asubuhi iliyofuata alikunywa uji wake, na rangi ikarudi nyekundu. Getruda alikwenda zahanati akamweleza Mwanamkuu.

Mwanamkuu alikuja, akaamkia, akauliza uji wa mzee unatiwa nini.

"Asali," alijibu Apolinaria. "Tena ya kutosha, apate nguvu."

"Mama, si tulisema sukari basi?"

"Asali siyo sukari, mwanangu. Asali ni dawa. Sisi tumekua nayo."

Mwanamkuu hakubishana naye. Aliomba asali kidogo, akaikoroga kwenye kikombe cha maji. Akadondosha matone ya maji yale kwenye dawa ya buluu, akakisimamisha kichupa kwenye kopo. Wote walisubiri, na mzee naye alisogea na fimbo yake. Dawa iligeuka. Rangi ile hata Apolinaria aliiona. Ilikuwa nyekundu kama tofali.

"Ni mimi," alisema Apolinaria. "Kumbe mimi ndiye ninayemkorogea." Akajifunika uso kwa kanga.

Mzee Masolwa alikitazama kichupa.

"Nimerina asali tangu sijaota ndevu," alisema. Kisha aliingia ndani, akafunga mlango.

Jioni ile Getruda alibeba madebe, moja baada ya jingine, akayapeleka ghala la ushirika. Uji wa mzee ukawa mdogo, hauna kitu ndani yake. Rangi ikashuka polepole, njano, kijani, na mwisho buluu. Siku wageni walipoleta matobolwa mzee akaonja, ilipanda tena, wakajua sababu. Mwanamkuu aliwakumbusha kwamba buluu si kupona: vidonge visiachwe, na kliniki aende. Kidonda kilikauka, ngozi ikafunga. Daktari wa Tabora alisema mguu umesalimika, wakiendelea hivyo hivyo. Swaumu alisema sisimizi wamerudi kwa mwenyewe aliyewatuma.

Lakini mzee alipungua maneno. Msimu wa kurina ulipofika, wanaume walipita mbele ya nyumba na mashoka na mienge yao ya moshi. Zamani walikuwa wakimwita, na yeye ndiye aliyekuwa akitangulia. Sasa walimwamkia, wakapita.

Asubuhi moja Apolinaria aliingia ndani kuchukua unga. Getruda alibaki na kichupa mkononi. Nyuma ya ua wa mabua mzee alikohoa.

"Getruda."

Hakuwahi kumwita kwa jina tangu aolewe.

"Abee, baba."

"Kesho wanarudi kutoka porini. Ni asali ya maua ya mti wa mtundu, najua mizinga yenyewe. Mingine ni yangu. Nitaonja. Siyo kikombe, nitaonja tu. Mama yako akikuuliza rangi, mwambie buluu."

Kichupa kilikuwa bado cha moto. Rangi yake ilikuwa buluu, kama kila asubuhi tangu kidonda kifunge. Ndani Apolinaria alikuwa anafunika mtungi wa unga. Nyuma ya ua fimbo iligonga chini, kisha ikatulia. Mzee alikuwa anangoja.