Gurudumu Lililovutwa Pande Mbili

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akavaa gauni lake kuukuu lenye madoa ya grisi, akaingia karakana. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Nyuma walilala, mbele mama alifanya kazi, na katikati palikuwa na pazia tu. Alifagia vumbi la chuma, akapanga spoki kwenye makopo yake, huku mdomo haukomi: nani kasinzia darasani, nani kasahau vitabu, mwalimu kasema nini na alikosea wapi. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Jina lake la shuleni lilijulikana shuleni tu.

Mama yake alikuwa fundi wa magurudumu. Watu walimletea baiskeli za umeme zilizopinda ringi, kwa sababu ringi ya baiskeli ni nyembamba na haivumilii uzito wa mota pamoja na mizigo. Mama alichukua ringi ya pikipiki, nene na pana, akaweka katikati yake ile mota ya mviringo inayofanana na sufuria yenye kifuniko. Kisha aliviunganisha viwili hivyo kwa spoki fupi, nene, ambazo alizikata mwenyewe na kuzichonga hesi, ile mikato ya kushika nati. Magurudumu yake yalibeba magunia ya saruji yasilalamike. Waliolalamika ni wateja, nao walilalamikia foleni tu.

Kando ya meza ya kazi palikuwa na kiti cha matairi mawili yaliyofungwa pamoja. Hapo ndipo Chiriku alipokaa tangu akiwa mdogo, maana baba yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na kwa miaka mingi nyumba ile ilikuwa ya watu wawili. Mama alikuwa na spana moja ndogo ya spoki, ya zamani, iliyoviringishwa utepe mweusi kwenye mpini. Alikuwa amemwahidi Chiriku kwamba siku akiweza kunyoosha gurudumu peke yake, spana ile itakuwa yake. Chiriku aliitamani kuliko viatu vipya.

Halafu mama akaolewa na dereva wa lori, mtu mcheshi asiyekaa nyumbani wiki nzima, na pamoja na dereva akaja mwanawe. Mvulana huyo alikuwa sawa na Chiriku kwa umri, lakini alifanya kila kitu polepole. Alikula polepole, alifunga viatu polepole, hata kupiga chafya alijiandaa kwanza. Chiriku ndiye aliyempa jina la Kobe, na hakumpa kwa upendo.

Kobe alipenda karakana tangu siku ya kwanza. Alikaa kwenye kiti cha matairi bila kujua ni cha nani, akamtazama mama akifanya kazi, na aliuliza swali moja ambalo mama alilijibu kwa furaha kubwa. Chiriku alishikwa na donge. Yeye alikuwa ameuliza maswali mia kabla ya hapo na hakuna aliyefurahi. Kuanzia hapo kila alichosifiwa Kobe kilimchoma. Mama akisema Kobe ana mkono mtulivu, Chiriku alijiona ana mkono wa pweza. Mama akimwongezea Kobe chai, Chiriku aliangalia kikombe chake kama kimepungua.

Juma moja mama aliteguka kifundo cha mkono wa kulia alipokuwa akishusha mota kutoka kwenye rafu. Mkono ulifungwa bandeji, na tabibu alimkataza kukaza chochote. Na juma hilohilo muuza maziwa alikuwa akisubiri gurudumu lake la nyuma. Mtu huyo alibeba madumu ya maziwa kutoka mashambani hadi mjini, akiteremka kilima kirefu kila asubuhi, na gurudumu lake la zamani lilikuwa limemwangusha mara moja. Goti lake lilikuwa bado na kovu bichi.

Mama alikuwa amekwisha kuunga spoki zote kabla ya kuumia. Kilichobaki kilikuwa kuisogeza ringi ikae katikati kabisa. Basi akawaita watoto wote wawili, akaliweka gurudumu kwenye uma wa baiskeli uliofungwa juu ya meza kichwa chini, na kila upande akafunga kipande cha chaki karibu na ringi. Gurudumu likizungushwa, upande ambao ringi imeegemea ungepata alama nyeupe.

"Chiriku atashika upande wenye waya wa mota, Kobe upande wa pili," mama alisema. "Ukikaza spoki za upande wako, ringi inakuja kwako. Lakini sharti upande wa pili ulegezwe kiasi hichohicho. Robo mzunguko huku, robo mzunguko kule. Mkikaza tu bila kulegeza, gurudumu litaonekana limenyooka, kumbe spoki zimekabwa koo, na zikipata mzigo zitakatika."

Kisha akafanya jambo ambalo Chiriku hakulitegemea. Alimpa yeye spana mpya inayong'aa, iliyonunuliwa majuzi, na ile ya zamani yenye utepe mweusi akamkabidhi Kobe. Chiriku aliipokea yake bila kusema neno, na kwa Chiriku kukaa kimya lilikuwa jambo la kuitia daktari. Roho ilimuuma kweli. Ahadi yake ilikuwa mkononi mwa mtu aliyekuja juzi na begi moja.

Walianza vizuri. Chiriku alikaza robo, Kobe akalegeza robo, wakazungusha, wakatazama chaki. Mama aliwaacha, akaenda uani kuonana na mteja. Muda mfupi baadaye Kobe alikwama kwenye spoki moja, akainua kichwa na kuita kupitia dirishani.

"Mama, hii haigeuki."

Hadi siku hiyo alikuwa akimwita Fundi, kama wateja. Neno lile lilimtoka tu, hata yeye akaona haya. Na mama akaitikia kutoka uani, sauti yake laini, "Naam, mwanangu, weka tone la mafuta."

Naam, mwanangu. Chiriku aliyasikia maneno hayo mawili, akahisi kama mtu ameingia chumbani kwake na kulalia kitanda chake. Alimwonea Kobe kijicho hadi macho yakawasha. Kobe alipotoka kutafuta chupa ya mafuta, Chiriku alizungusha gurudumu na kuona alama ya chaki upande wa Kobe. Akajiambia kwamba mjanja huyo anavutia kwake ili aonekane bingwa. Akashika spana yake, akakaza spoki za upande wake moja baada ya nyingine, na hakumwambia mtu wa kule alegeze hata kidogo.

Kobe aliporudi na mafuta, Chiriku akaenda kunywa maji. Aliporudi, alama ya chaki ilikuwa imehamia tena upande wa Kobe. Alimtazama Kobe kwa jicho la pembeni, na Kobe akatazama sakafu. Ikawa hivyo hadi jioni: mmoja akitoka, mwingine anakaza. Ringi ilikwenda huku ikarudi kule, na kila safari ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, mpaka spana zikawa ngumu kugeuka na chaki hazikuguswa popote. Gurudumu lilizunguka limenyooka kabisa.

Mama aliingia akiwa na haraka, kwa kuwa muuza maziwa alikuwa amefika mlangoni. Kwa kawaida mama hubana spoki mbilimbili kwa kiganja apime ukazaji wake, kisha huzigonga na kuzisikiliza. Lakini kiganja kilikuwa ndani ya bandeji, na nje ya ukuta jirani fundi wa kuchomelea alikuwa akikata vyuma kwa kelele ya kupasua masikio. Aliinama, akazungusha gurudumu, akatabasamu.

"Kila mlipokaza, upande wa pili ulilegezwa?" aliuliza.

"Ndiyo," Kobe alisema, taratibu.

"Ndiyo," alisema Chiriku, haraka.

Mama akawaamini. Aliwaelekeza wavike tyubu na tairi, muuza maziwa mwenyewe akafunga gurudumu kwenye baiskeli yake, akiwashukuru mafundi wadogo kwa maneno matamu. Mama akaweka mkono wake mzima juu ya bega la Kobe na kusema kwamba kwa siku chache tu kijana huyu amejifunza kazi ya mwaka. Kwa Chiriku alisema, "Na wewe pia." Na wewe pia. Kama vile mabaki.

Muuza maziwa akaisukuma baiskeli kuelekea barabarani, akichechemea kidogo kwa ajili ya lile goti. Chiriku alimwangalia akichechemea. Alijua kesho asubuhi mtu huyo atateremka kilima na madumu yamejaa. Alijua pia kwamba akifungua mdomo, spana yenye utepe mweusi ndiyo basi tena. Atakuwa amejiharibia mwenyewe mbele ya Kobe. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitamani kweli kuwa bubu. Muuza maziwa alichechemea hatua nyingine, na Chiriku akapiga mbio.

"Mjomba, usiende nalo," alisema akishika kiti cha baiskeli. "Mimi sikulegeza. Nilikaza tu. Nilidanganya."

Mama alifika, kisha Kobe nyuma yake. Chiriku alirudia maneno yaleyale akimtazama mama usoni, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Alingoja Kobe afurahi. Kobe badala yake alijikuna shingo, akachukua muda wake kama kawaida, kisha akasema kwamba naye alikaza tu. Aliona alama ikihamia upande wa Chiriku kila yeye Kobe alipotoka, akadhani Chiriku anataka kumwonyesha kuwa hafai kukaa pale.

Mama hakugomba. Alimwomba jirani anyamazishe mashine, na ukimya ulipoingia aligonga spoki kwa spana. Zilitoa mlio mwembamba, mkali, kama waya wa uzio uliovutwa mno. Aliwaambia wote wasogee, akamwambia Kobe alegeze taratibu akiwa amesimama pembeni. Kobe alipoigusa ya tatu tu, iliyokuwa jirani yake ilikatika shingoni kwa mshindo, kipande kikaruka na kugonga bati la paa.

Muuza maziwa alitazama bati, akatazama kilima kilichoonekana mbali, akakaa chini kwenye kizingiti. Alisema polepole kwamba maziwa ya kesho yatabebwa na shemeji yake, na gurudumu lingoje hadi liwe zima. Hakumkaripia mtu. Alipoondoka alimshika Chiriku kichwani, akamwambia amemwokolea goti la pili.

Walipobaki watatu, mama alikaa kwenye sakafu, akawaita wakae karibu naye, mmoja kila upande. Chiriku aliuliza swali lililomkera tangu alipopewa spana mpya: kwa nini spana ya ahadi alipewa Kobe.

"Kwa sababu imelika," mama alijibu. "Mdomo wake unateleza, unataka mtu asiye na papara. Upande wa waya ndio mgumu, nikakupa wewe spana nzima. Nilikupa kazi kubwa zaidi, mwanangu. Ila sikukueleza, na hilo ni kosa langu."

Chiriku aliinamisha kichwa. Mama akamwinua kidevu kwa mkono wenye bandeji.

"Gurudumu ni chuma. Ukikaza huku, lazima ulegeze kule, ndipo likae sawa. Wewe ukadhani na mimi ni hivyohivyo, kwamba nikimkaribisha Kobe, nakulegeza wewe. Mimi si gurudumu. Mtoto wa pili hapunguzi chochote cha wa kwanza." Akawageukia wote wawili. "Kijicho humpata kila mtu, hata mimi. Ukikiona, kiseme, tutacheka au tutalia, kiishe. Lakini lile 'ndiyo' mlilonijibu lilikuwa linampeleka mtu kilimani na spoki za kukatika. Kazi yetu hii watu huikalia. Fundi akikosea, anatengeneza upya. Fundi akidanganya, hakuna spana inayoweza kumnyoosha."

Kesho yake Jumamosi walilegeza spoki zote, wakaweka mpya palipokatika, wakaanza tena. Chiriku aliburuta matairi mawili kuukuu kutoka uani, akayafunga pamoja kwa mpira, akatengeneza kiti cha pili na kukiweka upande wa Kobe. Hakusema ni cha nani. Kobe alikikalia, polepole, akakijaribu kama kitamwangusha.

Safari hii hakuna aliyetoka. Robo huku, robo kule, na kila mara waliambizana kwa sauti. Alama ya chaki ilipokuwa imebaki ndogo sana upande wa Kobe, yeye aliinua kichwa.

"Mama, njoo uone," aliita. "Imebaki kidogo tu."

Mama akaitikia, naam, mwanangu. Chiriku alisikia. Palimchoma kidogo, pale pale pa jana. Alivuta pumzi, akashika spana yake, akamwambia Kobe, "Mimi nakaza robo. Wewe legeza." Kobe akalegeza, na ringi ikaja katikati.