Pampu Iliyokuwa Ikishughulikiwa

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumanne, nilipobonyeza neno LIPA kwenye simu yangu. Dakika naijua kwa sababu niliiandika. Mimi huandika kila kitu.

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka hamsini na tatu. Ni fundi wa redio na simu, na kibanda changu kiko Garsen, nyuma ya soko. Shule niliiacha darasa la sita, baba alipofariki. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe. Umeme niliujua kwa vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi ya redio, na Kiingereza kwa kamusi isiyo na jalada. Labda ndiyo sababu ninaheshimu maandishi kupita kiasi. Mtu akiniambia jambo, nasitasita. Nikilisoma, naamini...

Heshima hiyo iliniponza. Lakini si hiyo peke yake, na leo sitajificha.

Dada yangu mdogo, Rhoda, ameolewa kijijini Golbanti, kando ya mto, na mwanamume anayeitwa Komora. Kwa miaka kumi na tisa ya ushemeji wetu hatujawahi kusalimiana bila kutaniana. Yeye huniita Profesa. Mimi humwita Kiboko, kwa jinsi anavyolimaliza sinia la wali. Mtu asiyetujua angedhani tumo vitani.

Mafuriko yalikuwa yamebeba mahindi yake yote na migomba yake yote. Maji yaliposhuka, Komora alipanda matikiti, ekari moja nzima, kwenye tope jipya la ukingoni. Yalitambaa vizuri ajabu! Lakini mvua iliyotarajiwa haikuja, na mto ukaendelea kushuka hadi ukawa chini kabisa ya shamba. Bila pampu, yale matikiti hayangemaliza mwezi. Komora alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aliyemweka kwa rafiki yake, mfugaji wa kabila la Waorma, amchungie. Akamuuza.

Siku hiyo ya Jumanne alipita kibandani kwangu. Hakuja kunipa pesa, wasomaji. Alikuja kuniaga! Alikuwa njiani kwenda Malindi kununua pampu dukani, na jioni angekuwa amerudi nayo.

Mimi ndiye niliyemzuia.

Nilimwonyesha pampu ileile kwenye tovuti ya duka moja kubwa la mtandaoni. Bei yake ilikuwa shilingi 28,500. Malindi ilikuwa 32,000, bila nauli. Dhamana ya miezi kumi na miwili. Kufikishwa Garsen ndani ya siku nne. Nilimsomea masharti yote, mstari kwa mstari, nikimfasiria.

"Profesa," akaniambia, "pampu ya kwenye kioo nitaipiga teke vipi?"

"Ya nini kuipiga teke?"

"Nijue kama ni chuma au ni bati lililopakwa rangi. Hata huyo Rhoda wenu nilimwona kwanza akitwanga ndipo nikatuma wazee."

"Naye alikuona ukila, akakubali vilevile. Keti hapo."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Akaketi. Akatoa pesa, akanikabidhi mkononi. "Haya, Profesa. Umesoma wewe."

Sasa nifike mahali pagumu. Lile duka lilikuwa limeniandikisha kama wakala. Kila mtu niliyemwagizia kitu, mimi nililipwa kidogo. Kwa pampu ile ningepata shilingi 855. Je, nilimwambia Komora? Sikumwambia. Nilijiambia kwamba bei yake haipandi kwa sababu yangu, kwa hiyo hakuna anachopoteza. Nilijiambia pia kwamba nitamweleza pampu ikifika, tucheke pamoja. Mtu akitaka kuficha jambo dogo hakosi hoja!

Basi Komora alipokwisha kwenda zake, nikaziweka pesa kwenye simu, nikabonyeza LIPA. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka... kikazunguka... Kisha ukurasa ukawa mweupe, na katikati yake maneno: "Kuna hitilafu. Tafadhali jaribu tena baadaye." Papo hapo simu ikalia: ujumbe kwamba shilingi 28,500 zimeondoka na zimepokewa na duka.

Nikafungua orodha ya oda zangu. Hakuna kitu.

Nilipiga namba ya huduma kwa wateja. Muziki. Sauti ya mashine ikaniambia kwamba simu yangu ni ya muhimu sana kwao. Muziki tena. Baada ya dakika ishirini na tatu alipokea msichana aliyejitaja kwa jina la Sharon. Sauti yake ilikuwa na upole wa mtoto aliyelelewa vizuri. Alinielekeza nijaze fomu ya malalamiko kwenye tovuti. Nikaijaza. Fomu ikataka namba ya oda. Nitaitoa wapi, na tovuti ilizimika kabla ya kunipa? Nikaiacha wazi, fomu ikakataa. Nikapiga tena, akapokea yuleyule.

"Mzee wangu, usijali kabisa," Sharon akasema. "Fanya hivi. Agiza upya sasa hivi, mfumo utakubali. Ile pesa ya kwanza itajirudisha yenyewe ndani ya saa sabini na mbili."

"Una hakika, mwanangu?"

"Asilimia mia moja, mzee wangu."

Niliandika: Jumanne, saa nne na dakika tano, Sharon, saa sabini na mbili. Kisha nikatoa akiba yangu yote, pesa nilizokuwa nimejiwekea kununulia vipuri vya mwaka, nikaagiza mara ya pili. Safari hii ukurasa ulifunguka. Namba ya oda ikatokea, na chini yake neno moja kwa herufi kubwa: INASHUGHULIKIWA.

Sikumwambia Komora kwamba nimelipa mara mbili. Nilimwambia tu kwamba pampu imo njiani.

Siku nne zikapita. Neno likabaki lilelile. Saa sabini na mbili zikapita, na ile pesa ya kwanza haikurudi. Kila asubuhi nilipiga simu, na kila asubuhi nilipata mtu mwingine. Mmoja aliniambia mfumo uko chini. Mmoja aliniambia nifute kumbukumbu za simu yangu, nikafanya hivyo, nikapoteza picha za mwanangu. Mwingine aliniomba nisubiri kidogo, akaenda, asirudi... Nikabaki nikisikiliza muziki mpaka salio likaisha. Nilipomwulizia Sharon kwa jina, wakaniuliza Sharon yupi, maana wako sita.

Siku ya nane nilikwenda Golbanti. Rhoda alikuwa ukingoni akichota maji kwa kopo alilolifunga kwenye ufito mrefu, kwa kuwa mamba pale hawana mchezo. Alikuwa akijaza jerikeni, analibeba mpaka juu, ananywesha mashina manane, anashuka tena. Ekari nzima! Matikiti yalikuwa na ukubwa wa ngumi, na majani ya pembeni yamekwisha kujikunja.

Alinitazama bila kuliweka chini lile kopo.

"Kaka, imeandikwaje leo?"

"Inashughulikiwa."

"Nani anaishughulikia?"

Nimesoma vitabu vingapi? Swali la maneno mawili likanishinda.

Komora alinifuata mpaka barabarani. Hakuwa amekasirika bado. "Profesa, nirudishie pesa yangu, kesho niwe Malindi. Hasara ya nauli nitaibeba mimi." Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Ningeungama, tungekwenda pamoja kukopa kwa yeyote, na shamba lingepata maji. Badala yake nilimwonyesha simu. Nilimwambia, "Oda ipo, namba ipo. Subiri mpaka Ijumaa. Imeandikwa hapa." Alinitazama mimi, hakuitazama simu. Kisha akasema, "Sawa. Mpaka Ijumaa."

Ijumaa ikapita. Jumatatu, siku ya kumi na nne, nikafungua tovuti na kukuta maneno yamebadilika. Moyo uliruka kwa furaha kabla macho hayajamaliza kusoma. "Oda imefutwa kwa ombi la mteja."

Ombi la mteja! Mteja yupi?

Nikapiga. Kijana aliyepokea alinieleza kwamba mfumo uliona malipo mawili, simu moja, bidhaa moja, ukadhani nimekosea, ukafuta yote. Nikamwambia ni wao walioniagiza nilipe mara mbili. Akasema hakuna mfanyakazi wao anayeweza kusema jambo kama hilo. Nikamsomea kutoka daftarini: siku, saa, dakika, jina. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Mzee, hayo ni maandishi yako. Kwenye rekodi zetu hakuna."

Miaka arobaini nimeishi nikiamini kwamba ukiliandika jambo kwa usahihi, limelindwa. Siku hiyo nilijiona kama mtu aliyejenga ghala bila mlango.

Nilikuwa bado nimeshika simu Komora alipofika. Nikamweleza oda imefutwa. Akatazama tangazo la duka nililobandika ukutani mwa kibanda, akabonyeza namba za huduma kwa wateja moja moja kwenye kisimu chake kidogo, akaweka sauti ya juu. Watu watatu waliokuwa wakingoja simu zao zitengenezwe walisikia kila neno. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakukuwa na muziki. Walipokea mara moja!

Komora alieleza shida yake, akawatajia namba yangu.

"Hiyo oda hukuifanya wewe, bwana," sauti ikasema. "Ilifanywa na wakala, na imefutwa kutoka upande wenu. Pesa ulimpa nani?"

"Nilimpa shemeji yangu."

"Basi muulize shemeji yako. Yeye ndiye wakala. Yeye ndiye anayelipwa kamisheni."

Mhudumu akaondoka kwenye simu. Sauti ya mashine ikamwomba Komora atoe alama, moja hadi tano, kwa jinsi alivyohudumiwa.

Aliiweka simu yake juu ya meza yangu polepole.

"Kamisheni ni nini?"

"Ni malipo ya wakala."

"Kiasi gani?"

"Mia nane hamsini na tano."

Mmoja wa wale watatu akakohoa, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nilianza kumweleza habari za malipo mawili, akiba yangu, Sharon, fomu... Komora akainua mkono.

"Ungeniambia," akasema, "ningekupa elfu moja unywe soda, nikaenda zangu Malindi."

Akachukua simu yake, akatoka. Kelele ningeistahimili. Hata tusi ningelistahimili. Hilo sikuliweza.

Matikiti yalikauka yote. Nilikwenda kuyaona wiki iliyofuata, peke yangu, nikipita kwa jirani ili wasinione. Nyasi zilikuwa zimeanza kuyafunika. Ng'ombe wa watu walikuwa wameingia, wakayala yale machache yenye unyevu.

Na sasa sikilizeni jambo hili. Siku mbili baada ya oda kufutwa, bila kupiga simu wala kujaza fomu, shilingi 855 ziliingia kwenye simu yangu. Kamisheni! Tovuti iliyoshindwa kuleta pampu, iliyoshindwa kurudisha pesa, haikushindwa kunilipa kwa pampu isiyokuwepo. Nikazituma zote kwa Rhoda. Alinirudishia baada ya dakika nne.

Malipo ya kwanza yalirudishwa siku ya arobaini na moja, yakiwa yamekatwa shilingi 1,425, ada ya kufuta oda ambayo sikuifuta. Malipo ya pili hayajarudi hadi leo ninapoandika. Nikiuliza, naambiwa yanachunguzwa. Nilijazia pale palipokatwa, nikampelekea Komora 28,500 kamili nyumbani kwake. Alizipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mgeni.

"Asante, Bwana Jilo," akasema.

Bwana Jilo! Miaka kumi na tisa, sikujua kama analijua jina langu. Niliketi, nikaletewa chai, nikaulizwa habari za kazi. Hakuna aliyenitania. Nilijaribu kumwita Kiboko. Akatabasamu kwa heshima, akatazama mlangoni. Nikaelewa kwamba ziara imekwisha.

Mnaweza kusema kosa ni la lile duka. Ni kweli, wamenisaliti, na nimewalalamikia kila mahali panapolalamikiwa. Lakini nimekaa nikapima, kama ninavyopima saketi iliyoungua, sehemu moja baada ya nyingine. Duka lilivunja ahadi kwa mtu lisiyemjua. Mimi nilimnyamazia mtu aliyekula kwangu. Duka lingeweza kutunyima pampu tu. Shamba lilikufa kwa sababu siku ya nane nilichagua kuonekana msomi kuliko kusema ukweli.

Nawasihi, hasa nyinyi ambao majirani hukujieni na simu zao na barua zao kwa kuwa mnajua kusoma. Mtu akitaka kwenda kukiona kitu kwa macho yake na kukipiga teke, mwacheni aende. Kama kuna senti mnayopata kwa kumshauri, mtajieni kabla hajafungua mfuko. Na tovuti ikikwama mara moja, msiifuate na pesa nyingine! Mwambieni mwenye pesa siku hiyohiyo, hata akiwacheka, hata akiwatukana. Mtu anayekucheka bado ni wako.

Mmoja wa mafundi wenzangu aliniomba nimwandikie hasara yangu, ili awe anawasomea wateja wake. Nimefanya hivyo. Malipo ya pili, 28,500. Ada niliyomjazia Komora, 1,425. Salio la simu, 860. Ile kamisheni sikuipunguza humo, maana si yangu, na matikiti si yangu kuyapa bei. Jumla, shilingi elfu thelathini, mia saba na themanini na tano.